Msimfungie mzee baiskeli yake

Mwaka 2010 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha video fupi ya mgonjwa wa Uholanzi. Alikuwa na umri wa miaka 58, na ugonjwa wa Parkinson alikuwa nao kwa miaka 10. Kutembea kulikuwa kumemshinda: hatua mbili tatu, miguu inaganda sakafuni kana kwamba imepigiliwa misumari, kisha anaanguka. Aliposema kwamba baiskeli bado anaendesha, daktari wake, Bas Bloem wa Nijmegen, hakuamini. Wakatoka nje. Akasaidiwa kupanda, akaondoka. Alikwenda, akakata kona, akarudi, na usingemdhania kuwa ni mgonjwa. Aliposhuka tu, miguu ikaganda tena.

Huwa nawasimulia kisa hiki ndugu wanaomleta mzee kliniki na kuniambia kwamba baiskeli wameshaifungia stoo. "Tulihofia ataanguka," wanasema. Hofu yao ina msingi. Lakini mzee huyo amepanda baiskeli tangu ujana, ameendea shambani, sokoni na msibani, na pengine ndicho kitu pekee ambacho mwili wake bado unakifanya bila kubembelezwa.

Parkinson huua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Dopamini ndiyo inayoiwezesha miendo tuliyoizoea kwenda yenyewe bila kufikiriwa: kutembea huku unaongea, kufunga vifungo vya shati, kugeuka kitandani. Ikipungua, kila kitu husinyaa. Mwandiko huwa mdogo, hatua huwa fupi, sauti hufifia. Watu wengi wanaujua ugonjwa huu kwa kutetemeka, lakini wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, na hao ndio huchelewa kugundulika.

Kwa nini basi baiskeli haimshindi? Anayetembea hana wa kumpigia ngoma. Ubongo wake lazima ujipigie wenyewe, hatua kwa hatua. Kwenye baiskeli mpigaji ni pedeli. Mguu wa kulia ukishuka, wa kushoto unainuliwa utake usitake, na wayo unahisi zamu yake imefika. Ni kwa njia hiyo hiyo mistari iliyochorwa sakafuni, au wimbo wenye mdundo mzito, humfungua miguu mgonjwa aliyeganda mlangoni.

Faida haiishii kwenye kusafiri. Uholanzi huko huko, wagonjwa 130 waligawanywa makundi mawili: wengine waliendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani mara 3 kwa wiki, dakika 30 hadi 45, wengine wakafanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Baada ya miezi 6 walipimwa wakiwa hawajameza dawa za siku hiyo, na tofauti ikaonekana: dalili za mwendo za waendeshaji hazikuwa zimezidi kama za wenzao. Matokeo hayo yalichapishwa 2019. Sisemi baiskeli inaponya, na dawa haziachwi. Ila mazoezi yanayomtoa mtu jasho hayafanani na kunyooshanyoosha mikono kitini.

Wataalamu hao hao wa Uholanzi walitufundisha pia kuuliza swali dogo: je, bado unaendesha? Mwenye Parkinson ya kawaida huendelea na baiskeli kwa miaka. Anayeipoteza mapema, tangu dalili zianze, huenda ana ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson lakini unaovuruga msawazo wa mwili upande kwa upande, na ambao mara nyingi hausikii vizuri levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Kwetu, ambako daktari bingwa wa ubongo ni wa kutafutwa kwa tochi, swali lisilo na gharama ni mali. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulikuta wagonjwa 33 kati ya watu wapatao 161,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Sasa hofu ya kuanguka. Hatari kubwa haiko katika mwendo. Iko katika kupanda na kushuka, pale miguu inaporudi kwenye kazi ya kujitegemea. Mtafutieni baiskeli isiyo na bomba la juu, ile inayoitwa ya kike, na mzee asione aibu. Tandiko lishushwe mpaka nyayo zote mbili ziguse chini. Aendeshe wakati dawa imeshika, siyo inapokaribia kuisha nguvu, na akiamka kitandani na kizunguzungu asubiri kwanza. Barabara kuu yenye malori na bodaboda aiache. Ubongo wenye Parkinson hupata shida kufanya mambo mawili kwa pamoja, na kukwepa pikipiki huku unakanyaga pedeli na kushika usukani ni mambo matatu. Simu ikiita, asimame.

Na kama njia haipitiki au macho yameshachoka? Mmewaona wanoa visu wa mitaani: baiskeli imesimama kwenye stendi kubwa, mtu anakanyaga, hakuna anakokwenda. Baiskeli ya mzee inaweza hivyo hivyo. Iegemezwe ukutani, stendi ikazwe, gurudumu la nyuma lisiguse ardhi, mtu mmoja awe karibu wakati wa kupanda. Gurudumu likizunguka kwa wepesi mno, breki ibanwe kidogo mpaka apumue kwa nguvu huku bado anaweza kuzungumza. Aliye na ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza.

Mtakapokwenda kliniki safari ijayo, msingoje kuulizwa. Mwambieni daktari kama mzee bado anaendesha baiskeli, na kama ameacha, semeni aliacha lini na kwa nini: ilimshinda mwenyewe, au mliifunga ninyi.