Fahamu: Kwa nini Serengeti inasogea hadi ziwani

 Katika Mji wa Bunda ipo Nyatwali, kata ya ufukweni mwa Ghuba ya Speke, ambayo Serikali imeamua kuwahamisha wakazi wake kwa fidia ili Hifadhi ya Serengeti ifike Ziwa Victoria.

Sababu kubwa ni maji kwa wanyamapori. Mto Grumeti humwaga maji ghubani, lakini kiangazi hubaki madimbwi, ilhali ziwa halikauki. Sababu nyingine ni tembo wanaovamia mashamba.

Ardhi ya Nyatwali imekuwa ikilimwa, ikichungiwa ng'ombe, na ufukweni mwake kukivuliwa samaki. Katika fidia, shamba na nyumba vina bei. Lakini ukaribu na mwalo, sijui mthamini anaupimaje. Mvuvi aliyehamishiwa bara atavua wapi?