Lishe Inaanzia Mwaloni

Mnunuzi anayefika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, hahitaji fedha nyingi kupata kitoweo bora. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huliwa wazima, mifupa na yote, hivyo humpa mlaji protini na madini ya chokaa kwa mpigo mmoja. Muhimu ni kuwakagua: waliokaushwa juu ya vichanja huwa na mchanga kidogo kuliko walioanikwa chini.

Kisha mawese. Wekundu wake unatokana na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto. Yakichomwa hadi yakapauka, faida hiyo hupotea.

Chumvi nayo ichaguliwe: yenye madini joto huzuia goita.

Mwaka 2024, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kitoweo kinapoadimika hivyo, maharage ya Kasulu na Kibondo huziba pengo. Na fedha inayoishia kwenye soda na biskuti inaweza kununua fungu la matembele au kisamvu, la kusindikiza ugali wa muhogo.