Daktari Aliyewauliza Akina Mama

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Neno hili la wahenga twalitamka kila siku, lakini ni wakubwa wangapi wa hospitali na ofisi wanaolifanya kuwa kanuni ya kazi yao? Leo twapenda kumweleza msomaji habari za daktari mmoja aliyefanya hivyo, akaudhi wakubwa wake, na hatimaye akaonekana kuwa na haki.

Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka 1893. Alisomea udaktari Uingereza katika chuo kikuu cha Oxford, akahitimu mwaka 1923. Siku zile milango mingi ya kazi ilifungwa mbele ya daktari mwanamke. Mwaka 1929 aliajiriwa katika idara ya utabibu ya makoloni, akapelekwa Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Cheo alichopewa kilitaja wazi kwamba yeye ni mwanamke, na sababu yake haikufichika: mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa wanaume.

Mjini Accra alikabidhiwa hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise. Huko aliwakuta watoto wa mwaka mmoja hata minne, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi na kuwa nyekundu, ngozi yabambuka, nao hawataki kula wala kucheza. Wengi walikufa. Vitabu vya Ulaya havikuwa na jibu la kumridhisha. Ndipo alipofanya jambo ambalo maofisa wachache wa wakati ule wangalilifikiri: aliwauliza wenyeji, Ninyi ugonjwa huu mwauitaje?

Wakamjibu kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor, yaani ugonjwa umpatao mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Katika neno hilo moja mlikuwamo maelezo yote. Mtoto huachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake, akapewa uji wa mahindi mtupu, usio na kitu cha kujenga mwili. Daktari huyo hakuona haya kujifunza. Mwaka 1933 alichapisha habari za ugonjwa huo katika gazeti la madaktari, na mwaka 1935 akaandika tena, safari hii akitumia jina lile lile la Kiga.

Walikuwako mabingwa waliombishia wakisema huo ni ugonjwa wa zamani uliokwisha kujulikana. Naye, baada ya kutofautiana na wakubwa wake, alihamishiwa Malaya mwaka 1936. Lakini kweli haihamishwi kwa barua ya ofisi. Mwaka 1952 wataalamu wawili waliotumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kuzunguka Afrika walitoa ripoti iliyoukubali ugonjwa huo, tena kwa jina hilo hilo. Na mwaka 1954 madaktari wa hospitali ya Mulago, Uganda, walitoa kitabu kizima juu yake.

Huko Singapore aliwaona watoto wachanga wakifa kwa sababu nyingine. Wauzaji walikuwa wakiyasifia maziwa ya kopo yenye sukari, na akina mama maskini waliyanunua kwa fedha chache walizokuwa nazo, wakayachanganya na maji machafu, na huku maziwa yao wenyewe yakikauka. Mwaka 1939 alisimama mbele ya wakubwa na wafanya biashara, akasema bila kumung'unya maneno kwamba vifo vya namna hiyo vyapasa kuhesabiwa kuwa ni uuaji. Ilipita miaka 42 kabla mataifa hayajakubali kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo. Katika kura ya mwaka 1981 nchi 118 zilikubali, na Marekani peke yake ilikataa.

Wajapani walipoiteka Malaya, alifungwa katika gereza la Changi, akateswa kwa njaa na maradhi. Hata hivyo, vita ilipokwisha hakukaa kitako. Mwaka 1948 aliwekwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani, Geneva. Alifariki mwaka 1992, umri wake miaka 98. Karatasi zake, barua na ripoti na hotuba, zimehifadhiwa katika maktaba ya Wellcome, London.

Twataja karatasi hizo kwa makusudi. Ripoti iandikwayo jioni na mtu aliyechoka yaweza kuonekana kitu duni, hata ikafungiwa maandazi sokoni. Kumbe ndiyo shahidi. Kama daktari yule angalisikia neno la akina mama wa Accra asiliandike, mabingwa wangaliendelea kubishana, na watoto wangaliendelea kuzikwa bila sababu ya vifo vyao kujulikana.

Basi kila aliyepewa dhamana, awe mkuu wa hospitali, karani wa zahanati au kiongozi wa tawi, na ajipime kwa mambo mawili. Je, amemwuliza yule mwenye mtoto mgongoni? Na akiisha kujibiwa, je, ameandika?