Nani Ni Mwenyeji Hapa Ituri?



Simama katika soko la Ariwara, usinunue kitu, sikiliza tu. Mama mwenye kuuza muhogo anahesabu kwa Kilugbara. Mnunuzi wake anajibu kwa Bangala. Mfanyabiashara Mnande aliyetoka upande wa Butembo anasema Kiswahili. Dereva wa lori kutoka Arua anatia maneno ya Kiingereza, na yule aliyetoka Yei, Sudani ya Kusini, analeta Kiarabu cha Juba. Franka ya Kongo na shilingi ya Uganda zinalala pamoja katika mfuko mmoja. Hakuna mtu anayeshangaa.

Lakini katika soko hilohilo utasikia pia neno lingine, linasemwa kwa sauti ya chini: «Yule si wa hapa. Ni mtu wa kuja tu.» Ni neno dogo. Hata hivyo, hapa kwetu Ituri neno hili limezika watu wengi. Katika vita vya Djugu na Irumu, tangu 1999 mpaka 2003, Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba zaidi ya watu 50,000 walikufa. Mwezi wa Desemba 2017 moto uliwaka tena, vijiji vikaungua, watu wakalala kambini. Sababu zilikuwa nyingi: mashamba, dhahabu, siasa, bunduki zilizotoka mbali. Lakini kijana aliyepewa panga aliambiwa kwanza: hawa si wenyeji, nchi hii si yao.

Basi tuulize swali hili wazi, na tulijibu kwa historia: ni nani mwenyeji hapa?

NJIA NNE ZILIZOKUTANA

Jimbo letu lina teritware tano: Aru, Mahagi, Djugu, Irumu na Mambasa. Ndani yake zinakutana jamii za lugha ambazo hazikutoka chungu kimoja.

Wa kwanza ni Wambuti na ndugu zao Waefe, watu wa msitu. Wao ni wa zamani kuliko sisi wote. Lugha wanazosema leo ni karibu zilezile za jirani zao, Walese na Wabira, lakini msitu wanaujua kama mama anavyojua jiko lake.

Wa pili ni wale ambao wenye elimu ya lugha wanawaita jamii ya Sudani ya Kati: Walugbara, Wakaliko, Walogo, Walendu, Wandrokebo ambao wengine tunawaita Wandu au Waokebo, pamoja na Walese na Wamamvu. Lugha zao ni za ukoo mmoja, hata kama leo Mlugbara na Mlendu hawasikilizani.

Wa tatu ni Waniloti. Waalur wa Mahagi na Aru ni ndugu za Waacholi wa Uganda na Wajaluo wa Kenya. Mualur akifika Kisumu na kuomba maji, atasema «pi», naye mama wa pale atamletea maji bila kuuliza mara ya pili. Wakakwa nao ni Waniloti, lakini wa tawi lingine: lugha yao ni ya jamii moja na ile ya Wabari wa Juba.

Wa nne ni Wabantu: Wabira, Wanyali, na Wahema wa kusini ambao lugha yao inafanana na ile ya Bunyoro. Lakini angalia jambo hili: Wahema wa kaskazini, kule Djugu, wanasema lugha ya Walendu tangu zamani. Watu wanaoambiwa kwamba ni maadui wa milele wanabembeleza watoto wao kwa lugha moja!

Kumbe kama tukitaka kuhesabu nani alitangulia, itafaa sisi wote tufunge mizigo na kuwaachia Wambuti nchi. Na hao ndio tunaowadharau kuliko wote.

BABU ZETU WALIKUWA WAGENI

Sikiliza wazee wanavyosimulia. Walugbara wanataja mababu wawili mashujaa, Jaki na Dribidu. Hawakuota katika udongo wa pale. Walifika kutoka mbali, mmoja akahusiana na mlima Liru, mwingine na mlima Eti, milima ambayo leo iko upande wa Uganda. Wanasimulia kwamba shujaa alikuta mwanamke mwenye ukoma. Mwanamke yule alimpa moto, naye mgeni akamponya kwa dawa yake. Kutoka katika ndoa za namna hiyo ukoo mbalimbali ulizaliwa. Waswahili wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walugbara walijua neno hilo kabla hawajasikia Kiswahili.

Waalur nao wana hadithi ya ndugu wawili, Nyipir na Labongo. Wazee wanaisimulia kwa njia mbalimbali, lakini mifupa yake ni hii. Mmoja alichukua mkuki wa ndugu yake, akamchoma tembo, tembo akakimbia nao. Mwenye mkuki akakataa malipo yote: «Nataka mkuki wangu uleule.» Ndugu yake akateseka njiani mpaka akaupata. Siku nyingine mtoto wa yule mwenye mkuki akameza ushanga wa huyu ndugu. Naye akalipiza: «Nataka ushanga wangu uleule.» Mtoto akapasuliwa tumbo. Basi wakaachana karibu na Pakwach, penye mto Nili, mmoja akaenda huku na mwingine kule. Waalur wanasema watemi wao wametoka kwa yule aliyevuka kuja magharibi.

Vijana, mnaona? Taifa zima linakumbuka kwamba liligawanyika juu ya mkuki na ushanga. Hapakuwa na damu mbaya kati yao. Palikuwa na watu wawili wa tumbo moja waliokataa kusameheana, na mtoto ndiye aliyelipa.

Lakini historia ya Waalur ina upande mwingine, wenye kufurahisha. Walipoingia milima ya Mahagi walikuta Walendu na Waokebo. Mara nyingi jirani hao wenyewe, wakichoka na magomvi ya ndani, walikwenda kwa mtemi wa Waalur kuomba mtoto wake aje kukaa kwao na kuamua mambo. Utawala ulienea hivyo, bila vita kubwa kila mahali. Tena Waokebo walikuwa mafundi wa chuma. Jembe la kulimia na jembe la kutolea mahari lilitoka katika moto wao. Mualur na Mlugbara wangelima na nini, wangeoa namna gani, bila fundi wa kabila lingine?

Hata majina yanatufundisha. Mlugbara aliyezaliwa wakati wa taabu anaitwa Candia, na msichana Candiru. Mualur aliyezaliwa wakati wa umaskini anaitwa Ocan. Lugha ni mbili na jamii ni mbili, lakini wazazi walikuwa na machozi mamoja.

MPAKA ULIOPITA KATIKATI YA UKOO

Mtu wa Ariwara anajua kwamba shangazi yake anaweza kuwa Mganda na mjomba wake Msudani. Jambo hili lilifanywa mezani, mbali na hapa. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha mfalme Leopold II wa Ubelgiji sehemu ya Lado, kando ya Nili, kwa muda wa maisha yake. Leopold akafa Desemba 1909. Mwaka 1910 Lado ikarudishwa kwa utawala wa Sudani, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, pamoja na Arua na Koboko, ikatiwa Uganda.

Mpaka wakaupitisha penye mgongo wa nchi unaogawa maji. Mvua ikinyesha pale juu, maji ya mashariki yanashuka Nili mpaka Misri. Maji ya magharibi yanaingia Kibali, Uele na Ubangi, halafu mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Kwa maji ni sawa. Lakini Walugbara waligawanywa kati ya Kongo na Uganda, na Wakakwa na Wakaliko kati ya nchi tatu.

Wazungu walitia pia masheferi. Walugbara hawakuwa na mtemi mkubwa juu yao wote. Wazee wa ukoo na wenye mvua waliheshimiwa kila mmoja kwake. Wabeleji walitaka shefu mmoja, kitabu kimoja cha kodi, na kila kabila mahali pake. Kule Djugu na Irumu waliwatenga Wahema na Walendu, kila mmoja katika sheferi yake. Mipaka iliyokuwa laini kama njia ya mbuzi ikawa migumu kama ukuta.

Lakini ukoo haukusahau. Katika uasi wa Simba mwaka 1964, watu wetu walikimbilia Uganda. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walikimbilia kwetu Aru. Vita vya Sudani vilileta wengine, na mwaka 2016, vita vilipowaka tena Juba, wakimbizi waliingia tena katika teritware ya Aru. Leo mimi ni mgeni wako, kesho wewe ni mgeni wangu. Nani kati yetu anaweza kufunga mlango na kutupa ufunguo?

DHAHABU ILICHANGANYA WATU

Ninyi wa maeneo ya migodi, sura hii ni yenu. Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, na kazi ya kuchimba ilianza 1905. Kule Moto, upande wa Watsa, ilifuata baadaye. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Wafanyakazi na wabebaji walitafutwa kila upande, na wengi walitolewa kwa nguvu kupitia masheferi. Mlugbara, Mualur, Mlendu, Mlogo, Mbudu na wengine walilala katika kambi moja. Walioana. Watoto wao walikua bila kujua kijiji kingine isipokuwa kambi.

Serikali iliporuhusu watu kuchimba wenyewe, katika miaka ya 1980, wengine wengi wakaja. Basi ukimwambia kijana wa Mongbwalu «rudi kwenu», atarudi wapi? Babu yake aliletwa na kamba.

LUGHA MBILI ZILIZOKUJA NA BUNDUKI

Hata lugha zetu za kuunganisha watu ni za kuja. Kiswahili kilifika Ituri pamoja na Wangwana, watu wa Tippu Tip, waliopita Maniema wakitafuta pembe za tembo na watumwa. Ndiyo maana wazee walikiita Kingwana. Bangala ilipanda Uele pamoja na askari wa Bula Matari. Lugha zote mbili zilishika mkono wa jeuri. Na leo mama anaomba kwa lugha hizo, kijana anaposa kwa lugha hizo, na Ariwara ni mahali zinapopeana mkono. Kilichokuja kwa ubaya kimegeuzwa kuwa chema. Yosefu angeelewa neno hilo.

TUFANYE NINI SASA?

Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mungu aliagiza kwamba Mwisraeli akileta kikapu cha matunda ya kwanza, aseme kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Aliyepewa shamba alipaswa kukumbuka, kila mavuno, kwamba alikuja.

Mmoja aliyelishika neno hili ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Mboga mwaka 1896. Wakati ule Mboga ilihesabiwa upande wa Uganda. Mpaka ulipowekwa, ikawa Kongo. Apolo hakurudi kwao. Aliendelea kutumika kati ya watu wa Mboga na Wambuti mpaka kufa kwake mwaka 1933, na aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu. Alikuwa mtu wa kuja. Lakini nani wa Mboga leo angesema kwamba hakuwa wao?

Basi, wababa, simulieni watoto ukoo wenu, lakini msiruke upande wa mama. Ukimhesabia mtoto bibi zake wanne, mara nyingi utakuta kabila la pili au la tatu ndani ya damu yake. Vijana, habari ikifika shimoni kwamba kabila fulani linakuja kuua, uliza kwanza: nani aliona, wapi, saa ngapi? Kikundi cha kuchimba chenye watu wa kabila moja tu kinashika moto haraka, changanyeni mikono. Na sisi viongozi, tusiweke wazee wa kanisa wa lugha moja tu, halafu tukahubiri upendo kwa lugha zote.

Kwa swali letu, historia inajibu hivi: mwenyeji ni yule anayelima bila kunyang'anya, anayezika maiti wa jirani, na anayempa mgeni moto, kama alivyofanya yule mwanamke mgonjwa.

MASWALI YA KUONGEA NYUMBANI

1. Babu na bibi zetu wa pande zote nne walitoka wapi, na walisema lugha gani?
2. Ni «mkuki» au «ushanga» gani ambao jamaa yetu imekataa kusamehe?
3. Ni jirani gani wa kabila lingine ambaye hajala kwetu mwaka huu? Tutamwita siku gani?