Treni inayogawanyika bila kusimama

Je, treni yaweza kugawanyika ingali mbioni, ili njia moja ya reli ihudumie abiria wengi zaidi? Waingereza walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 100, na karne hii wahandisi wa Ulaya wamelirudia wazo hilo.

Februari 1858, treni ya haraka iliyotoka London kwenda Brighton ilipita Haywards Heath bila kusimama, huku ikiacha nyuma mabehewa ya abiria wa njia ya Hastings.

Mabehewa hayo yalikuwa na gadi wao. Walipokaribia stesheni, gadi alivuta mpini, kulabu ikafunguka, naye akayapunguza mwendo kwa breki hadi jukwaani. Treni yenyewe ilikwisha kwenda zake.

Kampuni ya Great Western ndiyo iliyoutumia sana utaratibu huo. Treni yake ya Cornwall iliwahi kuacha mabehewa Westbury, Taunton na Exeter katika safari moja.

Kwa nini uliachwa?

Faida ilikuwa dhahiri: treni inayosimama hupoteza muda, na zilizo nyuma yake hulazimika kungoja. Lakini kila fungu la mabehewa lilihitaji gadi wake, na treni iliyoweza kuacha abiria njiani haikuweza kuwachukua bila kusimama. Mara ya mwisho ilikuwa Bicester, Septemba 10, 1960.

Tangu hapo treni hugawanywa zikiwa zimesimama. Katika stesheni ya Hamm, Ujerumani, treni za kutoka Berlin zimekuwa zikigawanywa kwa miaka mingi, sehemu moja ikielekea Cologne na nyingine Düsseldorf.

Kulabu ya redio

Mradi wa Umoja wa Ulaya uitwao Shift2Rail, ulioanzishwa mwaka 2014, ulichunguza njia nyingine: treni mbili zifuatane kwa karibu bila kugusana, zikipashana habari kwa redio. Ya mbele ikifunga breki, ya nyuma nayo hufunga.

Ugumu huanzia penye njiapanda. Ya kwanza ikielekea kulia na ya pili kushoto, reli lazima zigeuzwe baina yao, zijifunge, na mitambo ithibitishe kuwa zimejifunga. Tuseme kazi hiyo inachukua sekunde 10: treni yenye mwendo wa kilomita 200 kwa saa itakuwa imekwenda mita 550.

Na je, reli zikikataa kujifunga? Treni ya nyuma lazima iweze kusimama kabla ya kuzifikia, na kwa mwendo huo huhitaji kiasi cha kilomita 2. Hivyo nafasi iliyookolewa njiani hudaiwa tena penye njiapanda.

Redio yaweza kuchukua mahali pa kulabu. Reli zinazogeuka upesi, bila kushindwa, ndizo zitakazoamua kama abiria watanufaika.