Baba, zebaki imeenda wapi?

Jamani, swali la mtoto linaweza kutikisa nyumba!

Mimi nimeolewa Nyarugusu, Geita, kutokea Shinyanga. Mume wangu ni mchimbaji mdogo. Mwanetu wa miaka 8 haambiwi kitu kwa Ubongo Kids, zile katuni za Kitanzania zilizoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Nilidhani zinamtuliza tu. Kumbe zinamzoesha kuuliza!

Jioni moja baba yake alikuwa anachoma dhahabu uani, kwenye jiko letu la mkaa. Mtoto akachungulia: "Baba, ile zebaki imeenda wapi?"

"Imeungua."

"Maji yakichemka si yanakuwa mvuke? Basi na zebaki iko hewani. Tunaivuta!"

Baba watoto kimya. Mimi nikashika tumbo langu la miezi 5.

Mtoto alikuwa sahihi. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru ubongo na figo, na humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Usiku huo tulizozana kweli. "Tutakula nini?" aliniuliza. Sikumwambia aache kazi. Nilimwomba asichomee tena nyumbani, na atumie chombo cha chuma kilichofungwa, kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki. Hata mfukoni ni nafuu, maana zebaki inanunuliwa. Akakubali. Na lile jiko halikupika tena ugali wetu.

Wazazi wenzangu, kaeni mtazame nao. Na mtoto akiuliza, usimwambie "nyamaza".