Mchungaji Akihama, Kundi Lina Mwenyewe

Barua ilisomwa baada ya matangazo ya ndoa, kabla ya sadaka ya pili. Ilikuwa ya aya mbili tu. Ilisema kwamba mchungaji wetu, aliyekuwa nasi kwa miaka 9, amepewa parishi nyingine na kwamba ataondoka mwishoni mwa mwezi. Katibu alipoikunja, hapakuwa na aliyekohoa. Kisha mama mmoja wa safu ya mbele akaangua kilio, nacho kikasambaa kanisani kama moto katika nyasi za kiangazi.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya machozi. Ya pili ikawa ya minong'ono. Kufikia wiki ya tatu palikuwa na kundi lililokuwa likikusanya sahihi za kupinga uhamisho, na kundi jingine lililoapa kutotoa sadaka hadi uamuzi huo ubatilishwe. Palikuwa pia na kundi dogo, ambalo aghalabu husahaulika katika masimulizi ya namna hii, lililofurahi kimyakimya kwa kuwa halikumpenda mchungaji yule tangu awali. Kwaya ya vijana iliacha mazoezi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mwanateolojia. Hata hivyo, wazee wa kanisa waliniomba nizungumze na washiriki Jumapili moja katika kipindi hicho cha kungoja. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyowaambia, pamoja na machache niliyoyafikiri baadaye nikiwa njiani kurudi nyumbani. Nayatoa hapa kwa sababu wengi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu ni walimu, na mwalimu katika vijiji vyetu ndiye pia katibu wa kanisa, mweka hazina au mfunzi wa kwaya. Wanafunzi nao hubadilisha viongozi wa vyama vyao vya Kikristo takriban kila mwaka, na machungu haya wanayajua kwa kipimo chao.

Nilianza na somo nililolizoea. Katika Kiswahili tuna kihusishi kidogo mno, -a unganifu, kinachobeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Tukisema "kitabu cha Juma", kihusishi hicho kinaonyesha umilikaji. Tukisema "watu wa Lamu", kinaonyesha mahali. "Mwalimu wa hesabu" hamiliki hesabu, wala hesabu haimmiliki. Hiyo ni kazi yake tu. Sasa tazama virai hivi viwili: "mchungaji wa kanisa" na "kanisa la mchungaji". Cha kwanza ni cha kazi, mfano wa mwalimu na hesabu zake. Cha pili huanza kama njia ya mkato ya kumwelekeza mgeni: shuka pale stendi, uliza kanisa la Mchungaji Fulani. Hakuna ubaya. Lakini kirai kinaporudiwa mwaka baada ya mwaka, sokoni, matatuni na mazishini, maana ya umilikaji huingia bila kubisha hodi. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba kanisa ni mali ya mtu. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata.

Nafikiri sehemu kubwa ya uchungu wetu ilitokana na hilo. Maadamu kanisa lilikuwa "la" mchungaji, alipohama tulihisi kwamba kanisa lenyewe linapakiwa kwenye lori pamoja na meza na magodoro yake.

Na hebu tulitazame neno lenyewe. Askofu ni neno lililotufikia kupitia Kiarabu, asili yake ikiwa Kiyunani, ambako lilimaanisha mwangalizi. Kasisi nalo limetoka Kiarabu, na padre limetoka Kireno. Mchungaji ni letu, na ndani yake kitenzi kinaonekana waziwazi: chunga. Kiambishi -ji kinachofuata huonyesha mtu atendaye jambo kwa mazoea, kama msomaji, mwindaji na mchezaji. Kwa hiyo mchungaji ni jina la kazi, wala si jina la kiti. Kila aliyelelewa katika nyumba za wafugaji, iwe ni Narok, Samburu au Pokot Magharibi, anajua kwamba anayechunga leo si lazima awe mwenye mifugo. Kijana huchunga ng'ombe wa baba yake, kisha huenda shule, na mdogo wake huipokea fimbo. Asubuhi ya kwanza ng'ombe humtazama mchungaji mpya kwa shaka kidogo. Hata hivyo hutoka zizini, kwa sababu njia ya mtoni wanaijua wao wenyewe.

Waraka wa kwanza wa Petro, katika sura ya 5, unawaagiza wazee walichunge kundi la Mungu bila kujifanya mabwana juu yake, na unawakumbusha kwamba yuko Mchungaji Mkuu atakayekuja. Kwa maneno mengine, kundi lina mwenyewe, na mwenyewe huyo hahamishwi kwa barua.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Siku zile neno lililotawala midomoni lilikuwa "yatima": mchungaji ametuacha yatima. Nililipinga neno hilo, kwanza kama mwanaisimu. Yatima ni mtoto aliyefiwa, ilhali mchungaji wetu yu hai, ana afya njema, na parishi yake mpya haifiki kilomita 60 kutoka hapa. Nililipinga pia kama Mkristo, kwa sababu Yesu mwenyewe, siku ile alipowaaga wanafunzi wake, alikana kwamba angewaacha katika hali hiyo. Habari hizo zimo katika Yohana sura ya 14. Neno likitumiwa vibaya kwa muda mrefu huzaa tabia, na anayejiita yatima huanza kuishi kama yatima: hapangi, hachangi, hungoja kuhurumiwa.

Sikuwaambia watu kwamba machozi ni dhambi. Kumbukumbu la Torati linahitimishwa kwa kifo cha Musa, na linasimulia kwamba Waisraeli walimlilia siku 30 katika nchi tambarare za Moabu, kisha siku za matanga zikaisha. Yapo mambo mawili hapo yanayonigusa kila nisomapo. La kwanza ni kwamba maombolezo yaliruhusiwa, tena yakapewa muda. La pili ni kwamba kaburi la Musa halikujulikana lilipo. Watu wale hawakuwa na mahali pa kufanyia hija ya kumkumbuka kiongozi wao; ilibidi watazame mbele, ng'ambo ya Yordani. Yoshua naye hakuwa Musa wa pili. Musa aliwatoa watu utumwani; Yoshua aliwagawia nchi. Laiti wangemdai awatendee yaleyale ya Musa, angewarudisha jangwani.

Ndugu zetu Wakatoliki wana desturi ambayo huniliwaza sana, ingawa mimi si wa madhehebu yao. Katika Sala ya Ekaristi, jina la Papa na la askofu wa jimbo hutajwa katika kila Misa. Kiti cha Papa kikiwa kitupu, kama ilivyokuwa Benedikto wa 16 alipojiuzulu mwezi Februari 2013, na tena Fransisko alipofariki mwezi Aprili 2025, jina hilo huachwa. Sala haisimami kungoja jina jipya. Waumini wa Nairobi wamesali wakimtaja Otunga, kisha Ndingi Mwana a'Nzeki, kisha Njue, kisha Anyolo, na katika muda huo wote ni jina lililobadilika tu. Waanglikana wa Kenya nao, tangu jimbo lao lilipoundwa mwaka 1970, wameongozwa na maaskofu wakuu 6, kuanzia Festo Olang' hadi Jackson Ole Sapit aliyetawazwa mwaka 2016.

Historia yetu ya karibu ina kisa kingine ambacho vijana wengi hawajakisikia. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama mbele ya mkutano wa Wakristo mjini Milwaukee, Marekani, akaomba wamishenari na fedha zao viondolewe kwa muda, angalau miaka 5. Wapo waliokasirika, wapo waliodhani amerukwa na akili. Hoja yake haikuwa chuki. Alitaka makanisa ya huku yapate nafasi ya kujitambua na kusimama kwa miguu yao wenyewe. Gatu aliona kwamba kuondoka kwa kiongozi mpendwa kunaweza kuwa zawadi kwa anaoondoka. Sisi tulihamishiwa mtu mmoja tu, tukadhani dunia imeisha. Wahenga walishasema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwetu sisi koleo lenyewe halikuvunjika. Limeazimwa na karakana ya jirani.

Faraja pasipo utaratibu haitoshi, kwa hiyo nikasema pia habari za funguo. Msikose kucheka, maana magomvi mengi ya makanisa yetu yaliyoishia mahakamani hayakuanza kwa mafundisho ya imani. Yalianza kwa hati ya kiwanja, sahihi za benki na kitabu cha stakabadhi. Samweli alipong'atuka, katika sura ya 12 ya kitabu chake cha kwanza, aliwaita watu wote hadharani akawauliza kama kuna aliyemnyang'anya ng'ombe au punda, au aliyepokea rushwa kwake. Wakamjibu kwamba hakuna. Makabidhiano hufanywa hivyo: mchana, mbele ya mashahidi, orodha ikisomwa kwa sauti. Viti vingapi, fedha kiasi gani, madeni ya nani. Mweka hazina wetu alinung'unika kwamba hiyo ni dalili ya kutomwamini. Nilimjibu kwamba mwalimu mkuu anapohamishwa hukabidhi hata chaki, na hakuna anayemwita mwizi.

Kwa anayeondoka nilikuwa na ombi moja, nalo nilimwambia kando, kwa heshima. Asirudi haraka kufungisha ndoa wala kusikiliza mashtaka dhidi ya mwenzake. Kardinali Maurice Otunga aliliongoza Jimbo Kuu la Nairobi tangu 1971 hadi 1997. Alipostaafu alikwenda kuishi katika Nyumba ya Wazee, miongoni mwa wakongwe wanaotunzwa na watawa. Mchungaji wetu aliitikia kwa kichwa. Nilimwona amelengwa na machozi, nikajua kwamba tulikuwa tumejisahau: katika vilio vyetu vyote, hatukuwa tumemwuliza yeye na mkewe uhamisho huo unawagharimu nini, wala watoto wao watasoma wapi.

Wale wa sahihi na wale waliofurahi kimyakimya niliwarejesha Korintho pamoja, ambako wengine walijiita wa Paulo na wengine wa Apolo. Hapo tena ni ile -a unganifu! Paulo aliwakemea hata waliojiita wake. Aliwaambia kwamba yeye alipanda na Apolo akanywesha, na kwamba ukuaji haukuwa wa yeyote kati yao.

Baada ya ibada nyanya mmoja alinishika mkono nje ya mlango. "Mwalimu," akasema, "umesema vizuri, ila umesema sana. Mimi nimewaona wachungaji 7 hapa. Wa kwanza alitukuta chini ya mti, na mimi ndiye niliyekuwa nikifagia chini ya mti huo." Nikamwuliza sasa anafagia nani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua huchomoza wapi. "Ni mimi," akajibu.

Karatasi ya sahihi haikupelekwa kwa askofu. Sadaka imeanza kurudi, si yote. Kwaya ilikutana Alhamisi iliyopita, watu 11 kati ya 30, wakaimba nyimbo tatu na kubishana kuhusu ya nne. Mchungaji mpya anatarajiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Tumeipaka rangi nyumba atakayokaa, lakini paa la jikoni bado linavuja, na fundi ameahidi kuja kesho kutwa.